Basi la shule lililogeuzwa nyumba: dalili na chanzo chake

Coaster ya shule huwashwa saa kumi na moja alfajiri, huzunguka mitaani ikiokota watoto, huwashusha getini saa moja na nusu, kisha hulala kivulini mpaka mchana. Abiria wake hukaa tu. Hawapiki humo, hawalali, hawawashi friji injini ikiwa imezimwa, na wanapumua humo kwa saa moja huku madirisha yakiwa wazi. Uzito wao na mabegi yao umegawanyika sawa kulia na kushoto. Ukishang'oa viti na kuweka kitanda, jiko, tangi la maji na betri, gari ni lile lile ila kazi ni nyingine kabisa. Karibu kila tatizo nitakalolieleza hapa limezaliwa na badiliko hilo.

Jambo la pili nilijifunza kwa kupoteza fedha: katika nyumba ya magurudumu, tatizo mara chache huonekana pale lilipoanzia. Maji yanayolowesha godoro nyuma yaliingilia mbele. Friji inayozima usiku ni nzima, ila waya wake ni mwembamba. Kwa hiyo kabla hujanunua kifaa kipya, ifuate dalili hadi mwisho wake.

Nazungumzia mabasi madogo ambayo shule zetu huyauza yakichoka: Toyota Coaster yenye injini ya 1HZ, Nissan Civilian, Mitsubishi Rosa. Letu ni Coaster. Tuliinunua Arusha, mimi na kaka yangu, na tumelala nayo Karatu, Lushoto, Pangani na kando ya Ziwa Natron. Baridi, mvua, chumvi ya bahari na joto la bonde la ufa vimeshaikagua kuliko gereji yoyote.

Godoro limelowa

Swali la kwanza ni moja tu: je, usiku ilinyesha?

Kama haikunyesha, na asubuhi umekuta matone darini yamejipanga kwa mistari yenye nafasi sawa, paa halivuji. Hizo ni pumzi zenu. Watu wawili wakilala usiku kucha katika chumba kilichofungwa hutoa zaidi ya nusu lita ya maji kwa pumzi na jasho, na ukichemsha chai humo ndani unaongeza. Mvuke huo hutafuta chuma cha baridi, ukikigusa unageuka maji. Matone yanajipanga kwa sababu mbavu za basi, zile fremu za chuma zinazoshika paa, zimejipanga.

Kosa la kawaida ni kujaza pamba ya glasi katikati ya mbavu na kupigilia mbao za dari moja kwa moja kwenye mbavu zenyewe. Baridi ya nje inapita kwenye mbavu kama inavyopita kwenye mpini wa sufuria, na pamba inanyonya maji, inakaa nayo, chuma kinaoza nyuma yake usione. Tulifumua dari yetu lote baada ya miezi minane na tukakuta pamba imekuwa nzito kama kitambaa cha kudeki. Tiba: mbavu nazo zivikwe, hata kwa utepe mwembamba wa povu gumu wa sentimita moja kati ya chuma na ubao. Kati ya mbavu na mbavu weka mbao za povu gumu zilizogusana na bati, zisiache uwazi wa hewa nyuma. Halafu hewa itembee: tundu moja chini, tundu moja juu, hata kwenye baridi. Lushoto tulilala na dirisha la upande limeachwa wazi upana wa kidole, na kifuniko cha paa kimeinuliwa kidogo. Tuliongeza blanketi moja, dari likaamka kavu.

Kama ilinyesha, angalia saa. Maji yanayotokea mvua ikiwa bado inapiga yana tundu karibu, pengine juu ya kichwa chako. Maji yanayotokea saa kadhaa baadaye, au yanayomwagika mbele unapokanyaga breki, yanatembea juu ya dari. Yetu yalimwagika kwenye kioo cha mbele tulipokuwa tunashuka kutoka Soni kwenda Mombo, siku nzima baada ya mvua. Usiku yalikuwa yanalowesha godoro nyuma kwa sababu tulikuwa tumeegesha pua juu. Tulikuwa tumeshabadilisha raba ya dirisha la nyuma mara mbili. Chanzo kilikuwa mbele kabisa: matundu manne ya skrubu juu ya paa, pale zilipokuwa zimefungwa taa za kumulika za basi la shule.

Kila kilichowahi kufungwa juu ya paa kimeacha tundu: taa, kibao cha jina la shule, keria, antena. Anzia hapo kabla hujagusa madirisha.

Namna ya kupima ni mpira wa maji na watu wawili. Mmoja abaki ndani na tochi, dari likiwa limefunguliwa. Wa nje aanzie chini: kwanza raba ya chini ya dirisha, dakika kumi, halafu pembeni, halafu juu ya dirisha, halafu mfereji wa pembeni mwa paa, paa liwe la mwisho. Ukianzia juu, maji yatashuka kila mahali na utalaumu kila dirisha. Tulipoanzia chini tulipata tundu la kwanza kwa nusu saa, baada ya miezi mitatu ya kubahatisha.

Kisha kuziba. Silikoni ya dukani inayonuka siki, weka mbali na bati. Harufu ile ni ya asidi, nayo inakula chuma kilicho wazi. Tena rangi haishiki juu yake, na gundi nyingine yoyote utakayoweka baadaye haishiki pia. Tumia gundi ya poliurethani, ile mafundi wa vioo vya magari wanayobandikia kioo cha mbele. Silikoni ya zamani ikwanguliwe yote, mpaka bati, kisha praima, kisha gundi.

Tanga nilimpelekea gari mzee mmoja mchomeleaji.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Umeziba wapi, ndani au nje?"

"Ndani, mzee. Ndiko yanakotokea."

"Basi umeyafungia. Yanaingia kama kawaida, ila sasa hayana pa kutokea."

Alipofungua, kati ya dari na paa bati lilikuwa limeshaanza kuota kutu kwa ndani. Kuziba ni nje siku zote.

Kuhusu kutu yenyewe: Coaster hizi zinajulikana kwa kuoza kuzunguka kioo cha mbele, kwenye mifereji ya paa, na kwenye matao ya magurudumu ya nyuma. Usiridhike na rangi inayong'aa. Chukua bisibisi bapa na uchokoe taratibu. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinapokea bisibisi. Sakafu nayo ifunuliwe kabla hujajenga chochote juu yake, maana chini ya zulia la plastiki kuna plaiwudi, na plaiwudi ya basi la shule imekunywa maji ya chupa za watoto kwa miaka kumi. Tukitoka Pangani tunaliosha kwa maji baridi yasiyo na chumvi, chini ya chesisi kwanza, siku ile ile.

Betri moja inakauka, nyingine haina nguvu

Hili limeua betri nyingi kuliko uzee. Coaster nyingi za kutoka Japani zina umeme wa volti 24: betri mbili za volti 12 zimefuatana. Vifaa vya nyumba, yaani taa, pampu, friji, chaja ya simu, ni vya volti 12. Fundi mwenye haraka anachukua waya kutoka betri moja tu, anapata 12 yake, kila kitu kinawaka, mnaagana kwa furaha.

Betri ile inakamuliwa kila usiku. Mwenzake haguswi. Asubuhi alternata, ile mashine ya injini inayojaza betri, inaona jumla tu, inasukuma volti 28 hivi kwa zote mbili, nazo zinagawana bila usawa: iliyochoka inabaki na 13, iliyoshiba inasukumiwa 15 na maji yake yanachemka. Baada ya wiki chache moja imekauka na nyingine haijawahi kujaa. Unanunua betri mpya moja, na tatizo linazidi, kwa sababu sasa hazilingani hata umri.

Pima hivi: injini ikiwa inanguruma, weka mita kwenye kila betri peke yake. Zote ziwe karibu na 14. Tofauti ikifika volti moja, umeshapata chanzo, na wala si betri.

Tiba ya haraka ni kishushio cha volti 24 kwenda 12 kinachokula kutoka betri zote mbili kwa pamoja. Tiba ya kudumu ni kuitenga nyumba kabisa: betri yake ya volti 12, inayojazwa na sola, na inayosaidiwa na chaja ya 24 kwenda 12 wakati gari linatembea. Betri za kuwashia injini zibaki na kazi moja tu, ya kuwashia injini. Umeegesha pembeni mwa Natron, kilomita nyingi kutoka kwa fundi wa karibu, utaona maana ya kuzitenga.

Friji inazima usiku wa manane

Taa ya friji inapepesa, inajaribu kuwaka, inazima, inajaribu tena. Mita kwenye betri inasoma 12.2. Watu wengi hapa hununua betri. Subiri. Sogeza mita mpaka kwenye plagi ya friji yenyewe, na usome wakati kompresa inapojaribu kuanza.

Friji ndogo ya kompresa inavuta karibu ampea 5, na zaidi kidogo inapoanza. Kama betri iko mbele na friji iko nyuma, waya wa mita 6 kwenda na 6 kurudi ni mita 12. Kwa waya wa milimita za mraba 1.5, ule wa taa za nyumbani, unapoteza karibu volti 0.7 njiani. Friji inapokea 11.5, na ikianza inashuka tena, inajikata ili kulinda betri ambayo kwa kweli ni nzima. Waya wa milimita za mraba 6 kwa umbali ule ule unapoteza chini ya volti 0.2. Tulibadilisha waya na plagi, friji ile ile na betri ile ile, na haijazima tena.

Kagua pia waya hasi. Mafundi wengi huufunga kwenye bodi ya gari, kwenye skrubu iliyopakwa rangi. Umeme haupiti kwenye rangi. Kwangua mpaka chuma king'ae, au bora zaidi rudisha waya hasi mpaka kwenye betri. Na kila waya chanya uwe na fyuzi karibu kabisa na betri, isiwe kwenye kifaa. Fyuzi inamlinda waya. Waya ukisagwa na ukingo wa bati katikati ya safari, fyuzi iliyoko mwisho wa waya haitasaidia kitu, na ndani ya kuta zako kuna mbao na povu.

Kama plagi ina volti za kutosha na bado asubuhi betri imeisha, fanya hesabu. Friji ya wati 60 ikiwa Natron kwenye joto inafanya kazi karibu nusu ya siku: wati-saa 720 kwa saa 24. Paneli ya wati 200 kwa saa tano za jua kali, ukitoa upotevu wa joto na nyaya, inakupa karibu 700. Maana yake friji imekula jua lote, na taa, simu na pampu vinakula akiba. Lushoto kwenye ubaridi friji ile ile inakula nusu ya hapo. Betri ya asidi ya ampea-saa 100 nayo usiihesabu kama 100. Ikishuka chini ya nusu mara kwa mara inakufa mapema. Ikiwa imepumzika, 12.6 au 12.7 imejaa, 12.2 umefika nusu, zima friji.

Sola haijazi? Kabla ya kulaumu chaji kontrola, kile kifaa kinachoongoza umeme wa paneli kwenda betri, panda juu ya paa saa sita mchana. Kivuli cha bomba moja la keria kikilala juu ya paneli kinaweza kuondoa sehemu kubwa ya umeme wake, kwa sababu seli zimefuatana kama foleni: mmoja akisimama, wa nyuma wote wanasimama. Vumbi la rafu rodi linafanya vivyo hivyo polepole. Na usiegeshe chini ya mwembe ukategemea sola. Hilo la kivuli cha nyumba na jua la paneli ni ugomvi tuliousuluhisha kwa paneli ya pili yenye waya mrefu, inayowekwa chini kwenye jua wakati gari liko kivulini.

Birika la umeme la wati 2,000 kwenye inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa wa nyumbani) ya volti 12 linavuta zaidi ya ampea 160. Chemsha chai kwa gesi.

Kichwa kinauma asubuhi

Hapa naomba usome polepole. Kichwa kinachouma kwa wote mliolala humo, kichefuchefu, uzito wa macho, vinavyopungua mkishatoka nje: chanzo cha kwanza cha kufikiria ni hewa ya sumu ya kaboni monoksidi. Haina harufu wala rangi.

Tulilala kambi ya Simba, ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, juu ya mita 2,300 kutoka usawa wa bahari. Baridi ilikuwa kali. Kaka alileta jiko la mkaa ambalo nje lilikuwa limeshakolea, likaonekana halina moshi, akaliweka karibu na mlango ndani. Mkaa uliokolea usio na moshi ndio unaodanganya, kwa sababu unaendelea kutoa sumu ile. Tuliamka na vichwa vinavyogonga, miguu haina nguvu. Kifuniko cha paa kilikuwa wazi kidogo, na naamini ndicho kilichotuacha hai. Jiko la mkaa halijaingia tena, hata dakika tano. Tulinunua kengele ya kaboni monoksidi, tukaifunga usawa wa mto wa kulalia. Mwenye basi anunue hiyo kwanza kabla ya friji, kabla ya sola, kabla ya mapazia.

Gesi nayo ina dalili zake. Moto wa njano na sufuria inayoshika masizi ni jiko linalokosa hewa: mara nyingi vumbi limeziba matundu ya hewa chini ya bana. Toa, piga brashi, puliza. Juu milimani hewa ni nyepesi na moto unadhoofika kidogo hata jiko likiwa safi. Ongeza uwazi wa dirisha.

Harufu ya gesi: usiwashe wala kuzima swichi yoyote. Funga mtungi, fungua milango, tokeni. Baadaye pima kwa povu la sabuni kwenye kila kiungo, kamwe si kwa kiberiti. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, hutuama sakafuni kama maji, kwa hiyo tundu la dirisha halitaitoa. Mtungi ukae kwenye kisanduku chake kilichofungwa upande wa ndani, chenye tundu sakafuni linalotoka nje moja kwa moja. Mtungi wa kilo 6 unatutosha watu wawili, nao unaingia kisanduku kidogo. Mpira wa gesi unasuguana na bati gari likitikisika, kwa hiyo pale unapopita ukutani uwekee raba ya kuzunguka tundu, na uukague kwa kuukunja: ukionyesha nyufa, ni wa kutupa.

Gari linalala upande mmoja, linayumba kwenye kona

Wengi wanadhani nyumba yao ni nzito kuliko abiria. Kwa kawaida sivyo. Abiria 28 wa kilo 65 ni kilo 1,820, na nyumba ya mbao nyepesi inaweza kuwa chini ya hapo. Shida ni mahali uzito ulipokaa. Abiria hukaa pande zote, lakini fundi seremala huweka jiko, sinki, tangi na betri upande mmoja kwa sababu mabomba yanakuwa mafupi.

Simamisha gari mahali tambarare, pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi, kulia na kushoto. Letu lilitofautiana sentimita nne. Tangi la lita 200 ni kilo 200 likijaa, nalo lilikuwa kushoto, nyuma ya ekseli. Tulilihamishia kulia, mbele kidogo ya ekseli ya nyuma, chini sakafuni, tukagawa ndani kwa ubao wenye matundu ili maji yasikimbie upande mmoja kwenye kona. Tofauti ikabaki chini ya sentimita moja bila kugusa springi. Fundi wa springi alikuwa ameshatuambia tuongeze jani. Jani lingenyanyua upande ule na kuacha ugonjwa pale pale.

Nenda kwenye mizani ya ghala la mazao, lipia, pima ekseli ya mbele peke yake na ya nyuma peke yake, tangi likiwa limejaa na mitungi ikiwa ndani. Ndipo ujue upepo wa matairi. Kuyumba kukibaki baada ya hapo, tazama juu: keria yenye tairi la akiba, madumu na hema, vyote juu ya paa. Vishushe. Shokapu ziwe za mwisho kushukiwa.

Matairi ya basi la shule yanaweza kuwa na meno mazuri na bado yakawa ya zamani sana, maana basi lilitembea kidogo. Soma tarakimu nne za mwisho ubavuni: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la miaka minane lililopasuka-pasuka ubavuni, lenye meno yote, halifai kushuka nalo mlima.

Injini inapanda joto, au inakosa nguvu mlimani

Kwa miaka kumi injini hii ilikwenda taratibu, kituo hadi kituo. Sasa unaiomba ipande kutoka Mto wa Mbu hadi Karatu jua likiwa kali na nyumba mgongoni. Joto linaposogea, angalia lini.

Likipanda kwenye mwinuko wa polepole na kushuka ukipunguza gia na kuzungusha injini kwa kasi, hewa haitoshi: klachi ya feni imechoka, au mapezi ya rejeta yamezibwa na vumbi na wadudu. Osha rejeta kutoka upande wa injini kuelekea nje, kwa maji ya nguvu ndogo. Likipanda kwenye tambarare ukienda kasi, rejeta imeziba kwa ndani. Shule nyingi hujaza maji ya bomba tu, na chokaa inajenga. Ukiona mapovu yanatoka bila kukoma kwenye rejeta injini ikiwa imewashwa na mpira wa juu umekuwa mgumu kama jiwe wakati bado ni baridi, shuku gasketi ya silinda hedi, usiendelee na safari.

Kupoteza nguvu ni jambo jingine. Gari linapanda vizuri, linafifia, unasimama dakika kumi, linapata nguvu, linafifia tena. Mara nyingi ni dizeli. Basi lililouzwa limekaa nyuma ya shule miezi mingi na tangi nusu, hewa ya ndani imetoa maji, uchafu umetuama. Safari ya rafu rodi inautikisa wote mara moja. Unapotulia uchafu unashuka, filta inapumua kidogo. Kumwaga maji kwenye kitenganishi cha maji na dizeli hakutoshi: tangi lishushwe, lioshwe, filta ibadilishwe, na filta nyingine ya akiba ikae garini kwa safari mbili za kwanza.

Kushuka Soni, gia ile ile ambayo ungepandia. Breki zilizotoa harufu ya kuungua hazikuharibika, zimetumika mno. Simama zipoe, usizimwagie maji.

Makabati yanafunguka, nyufa zinatokea pembeni mwa madirisha

Basi linapinda likitembea. Kabati lililochomelewa moja kwa moja kwenye mbavu halikubali kupinda, na kitu fulani lazima kipasuke, ama kabati ama bati. Funga kwa bolti zenye washa pana na raba katikati, na nati zenye plastiki ndani zisizolegea. Skrubu iliyoingia ubavuni mwa plaiwudi itatoka yenyewe barabara ya Mto wa Mbu kwenda Natron. Ufa kwenye kona ya dirisha jipya una maana moja zaidi: aliyekata tundu la dirisha alikata ubavu wa basi. Huo unarudishwa kwa fremu ya chuma iliyounganishwa na mbavu za jirani. Kupaka puti ni kuficha tu.

Pampu ya maji inajiwasha usiku bila bomba kufunguliwa

Presha inapotea mahali. Funga valvu baada ya pampu. Ikinyamaza, uvujaji uko mbele, tafuta kwa karatasi ya choo chini ya kila kiungo. Ikiendelea, valvu ya ndani ya pampu imepata mchanga. Pampu inayokohoa na kutoa maji kwa vipande inavuta hewa upande wa tangi: kaza klipu.

Polisi wanasimamisha kila kizuizi

Rangi ya njano na maandishi ya wanafunzi bado vinasema ni basi la shule, na ndani hakuna mwanafunzi. Paka rangi nyingine, na uende Mamlaka ya Mapato (TRA) kubadilisha kadi ya gari ili rangi na viti vilingane na vilivyopo. Bima nayo iandikwe upya. Iliyokatwa kwa basi la abiria haitakusikiliza jiko likiungua. Mkichagua rangi, kama mnapenda Tarangire, epukeni buluu iliyokolea na nyeusi, kwa sababu mbung'o huvutwa na rangi hizo.

Vumbi ndani, ingawa kila dirisha limefungwa

Kufunga kila kitu ndiko kunakolileta. Gari likitembea, nyuma yake hewa inanyonywa, na vumbi la magurudumu linavutwa kwenye kila upenyo wa mlango wa nyuma. Fungua tundu la mbele la paa likitazama mbele, au dirisha la dereva kidogo, madirisha ya nyuma yote yafungwe. Hewa ikiingia mbele inasukuma nje kupitia zile nyufa, badala ya nyufa kuvuta vumbi.

Nyufa zenyewe zitafute usiku. Washa taa kali ndani, zima kila taa nje, zunguka gari polepole ukiinama. Letu lilionyesha mwanga sehemu mbili: kwenye bawaba ya chini ya mlango wa nyuma, na kwenye tundu dogo la waya wa taa ya namba.